Mtembeleaji Hambebi Mtoto

Bi Hodi alikuwa na namna yake ya kubisha mlango, na waliomzoea waliitambua hata wakiwa bafuni na povu masikioni. Aligonga polepole kwa kifundo cha kidole, akasema hodi kwa sauti ya chini, kisha akarudi nyuma na kugeuza uso upande wa barabara, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kuvaa, kufagia, na kuficha anachotaka kuficha. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa kazini, na ndiyo iliyompa jina. Jina la kuzaliwa alibaki nalo ofisini na hospitalini tu.

Asubuhi moja, akiwa ameshastaafu, alibisha vivyo hivyo kwenye mlango wa binti yake wa pekee. Begani alikuwa na mkoba wa nguo za kitoto alizozishona kwa mkono wake, na moyoni alikuwa na haja moja tu, kumbeba mjukuu wake. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka na watu na kuwakamata nywele, na bibi yake mzaa mama alikuwa bado hajamtia machoni, isipokuwa kwenye picha ya simu iliyotumwa na mkwe. Kila alipotaka kwenda, binti alimjibu kwa upole kwamba asijisumbue, njia ni ndefu, magoti yenyewe siku hizi hayamtii, na hata hivyo mtaa wao una mtembeleaji anayepita kuwaangalia, wanatosheka. Upole ule ulimkata maini kuliko matusi. Yeye aliyeingia nyumba za watu wasiohesabika, leo nafasi yake kwa mwanawe imeshikwa na mtembeleaji wa mtaa. Safari hii hakuomba ruhusa. Alimdokeza mkwe tu kwa simu, akapiga moyo konde, akapanda gari, akaja.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, mtembeleaji huingia nyumba zenye watoto wadogo, akakaa sakafuni na mama na mtoto, wakazungumza. Hana sindano wala dawa. Anaonyesha jinsi ya kuongea na mtoto asiyejua kusema, jinsi ya kucheza naye kwa kifuniko cha sufuria, ni kitu gani ndani ya nyumba kinaweza kumdhuru, na ni homa ya namna gani isiyosubiri kesho. Wako waliosema hiyo si kazi, ni umbea unaolipwa mshahara. Bi Hodi alikuwa akicheka nao, maana alijua kwamba hao hao wakijifungua watamtafuta kwa udi na uvumba.

Ofisi yao ilikuwa na kanuni nyingi, lakini mbili ndizo zilizomwingia hadi kwenye mifupa. Ya kwanza, sifa kabla ya kasoro. Hata ukute nyumba imekwenda segemnege, mtoto ana makamasi hadi kidevuni na mama amenuna, tafuta kitu kimoja chema ukiseme kwanza. Bi Hodi alikuwa na sentensi yake: "Nimeona unavyomtazama usoni. Vizuri sana, mama." Aliisema kichwa kimeinama upande, na wanawake waliozoea kusimangwa na mawifi walitokwa na machozi. Ya pili, mtembeleaji hambebi mtoto. Mgeni mwenye uzoefu akimchukua mtoto anayelia, mtoto hunyamaza, na mama hubaki amesimama pembeni akijiona si lolote si chochote. Kwa hiyo mikono yako ikae mapajani. Mtoto akikunyooshea mikono, mwelekeze kwa mama yake kwa maneno. Katika miaka yote ya kazi Bi Hodi hakuivunja kanuni hiyo hata mara moja, na alijivunia.

Mitaani alipendwa, na sababu moja ni kwamba alijua kujifanya hajui. Kulikuwa na kichochoro ambacho nyumba zake zote zilikuwa na kichezeo kimoja, kigari chekundu kisicho na gurudumu la nyuma. Akiwa nyumba ya kwanza, kigari kipo mkekani. Akibisha nyumba ya pili, kipo vilevile, kimepitishwa mlango wa uani. Basi yeye akawa anavua viatu taratibu mlangoni, anafungua kamba, anafunga, anafungua tena, mpaka asikie mlango wa nyuma umefungwa na mtu anahema. Kisha anaingia na kukisifu kigari kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukiona. Mwanamke aliyeweza kuwafanyia hivyo watu baki hakukosa huruma. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu yanayofuata hayapendezi.

Alianza kazi binti yake akiwa bado hajapelekwa shule. Baba mtu alikuwa ameshashika hamsini zake, na chumba chao kilikuwa kimoja, chenye kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kila mtembeleaji alipewa mwanasesere wa kitambaa, mzito kidogo, kichwa kikilegea kama cha mtoto mchanga kweli, wa kufanyia mazoezi na kuwaonyeshea akina mama. Bi Hodi hakufanya kazi kwa mzaha. Jioni alikaa sakafuni, akamlaza mwanasesere mapajani, akamwimbia, akamwuliza habari za siku, akangoja jibu, akajibu kwa niaba yake, mkono wa kushoto daima chini ya shingo. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akitazama. Aliwahi kuomba ambebe kidogo. Mama akamwambia huyo si wa kuchezea, ni wa kazi, akichafuka ofisi itauliza. Tangu siku hiyo mtoto akamwita yule mwanasesere Mtoto wa Kazi, na mama akaona ni kichekesho, akawasimulia wenzake ofisini wakacheka wote.

Mazoezi yakiisha, maneno nayo yalikuwa yamekwisha. Mtu aliyeshinda akiongea na watoto wa watu tangu asubuhi hurudi nyumbani koo limekauka. Binti akianza kueleza jambo, jibu lilikuwa lile lile, kaa kimya kidogo mwanangu, kichwa kinaniuma. Mtoto akakaa kimya kidogo, na huo ukimya mdogo ukawa tabia. Majirani walimsifu kwa utulivu wake. Mama yake, ambaye kwenye nyumba ya mtu mwingine angeugundua ukimya wa namna ile tangu mlangoni, naye alimsifu.

Mchana binti aliachwa kwa jirani, mwanamke aliyewafulia na kuwapigia pasi watu wa mtaa, akiitwa Mama Dobi. Siku moja Bi Hodi alipita mbele ya kibaraza cha Mama Dobi akitoka nyumba moja kwenda nyingine, mkoba begani. Binti alimwona, akamwita. Mama akampungia mkono na kuendelea na safari, maana alikuwa amechelewa, na familia ikingojeshwa huona imedharauliwa. Mtoto akatoka mbio kumfuata. Mguu ukanasa kwenye shuka lililoning'inia mezani, meza ikapinduka, na pasi ya mkaa ikamwangukia mkononi, chini ya kiwiko. Bi Hodi alikisikia kilio akiwa anakata kona. Alikisikia, akadhani ni mtoto wa mtu mwingine, na hata akajiambia kwamba kilio cha namna ile si cha njaa. Kupambanua vilio ilikuwa sehemu ya kazi yake. Akaenda zake kwenye miadi.

Kovu likabaki, pana, linang'aa. Mama wa kawaida hapo angelia, au angeomba radhi, au angeshindwa yote mawili akanyamaza. Lakini Bi Hodi alikuwa mtembeleaji, na mtembeleaji hawezi kuona jambo asiligeuze somo. Likizo ya kwanza baada ya binti kuanza shule alimwambia, vaa viatu, leo twende wote. Mtoto hakuamini masikio yake. Alivaa gauni lake la kutokea, akamshika mama yake mkono, akawa anarukaruka barabarani na kuuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuuliza maisha yake yote, na mama akayajibu. Kwenye nyumba ya kwanza walikaribishwa mkekani. Mama akasifu kwanza, kama kawaida yake, kisha akaingia kwenye habari ya moto na majiko. Halafu akamgeukia binti. "Hebu kunja mkono wa gauni, mwanangu, mama huyu aone."

Akakunja. Nyumba iliyofuata akakunja tena. Mbele zaidi alikuwa anakunja kabla hajaambiwa, na njiani harukiruki tena. Likizo nzima ilikwenda hivyo. Hatuwezi kusema somo halikufaa. Pasi zilihamishwa, majiko yakainuliwa, na huenda kuna watu wazima leo wenye mikono laini kwa sababu ya kovu lile. Bi Hodi aliushika utetezi huo miaka mingi na haukumwangusha, kwa sababu aliyekuwa akijitetea mbele yake ni yeye mwenyewe. Mtaani binti akawa anaitwa mtoto wa pasi. Tangu hapo hakuvaa nguo ya mikono mifupi, hata jua liwe la utosi.

Miaka ilipita, ofisi ikaleta wanasesere wapya wa plastiki, na wale wa kitambaa ikaamriwa watupwe. Bi Hodi alimfua Mtoto wa Kazi, akamwanika, akampelekea binti yake huku akitabasamu. Sasa ni wako, alimwambia. Binti alikuwa ameshamzidi mama kimo, na kichwani ana mitihani ya kumaliza shule. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mama hakumwona tena yule mwanasesere. Alichukulia ametupwa, wala hakuuliza. Muda si mrefu binti naye akaondoka, kwanza kwa masomo, kisha kwa kazi, kisha kwa ndoa na fundi mwashi mpole katika mji mwingine. Simu zake zilikuwa fupi na zenye heshima zote. Watu wakiuliza, Bi Hodi alisema mwanawe ni mtu wa maneno machache, kwamba alizaliwa hivyo.

Siku ya kumuaga kazini waliletwa vijana wenye ndevu na wasichana wenye viatu virefu, watoto wake wa zamani wa mkekani, wakampa mkono mmoja mmoja. Msimamizi alisimama akamwita mama wa watoto wote wa mji. Watu wakapiga makofi. Binti alituma salamu kwamba amebanwa na kazi, na Bi Hodi akazisoma salamu zile kwenye simu, akaifunga, akaendelea kupiga picha na watoto wa watu. Usiku huo nyumbani aliona chumba kimekuwa kikubwa mno, na ndipo alipoanza kumwaza mjukuu ambaye hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa.

Sasa alikuwa mlangoni, anaitazama barabara.

Mlango ulifunguliwa. Binti alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, mtoto kiunoni. Hakushtuka, kwa kuwa mume wake ni mtu asiyeweza kukaa na siri hata mwenye siri akimwomba. Akaamkia, akakaribisha, akampokea mkoba, akamwonyesha kiti karibu na mlango.

Bi Hodi alikijua kiti kile. Hakuwahi kukiona, ila mahali pake alipajua. Kila nyumba aliyotembelea ilikuwa na kiti kama hicho, kimefutwa vumbi sasa hivi, kimeelekezwa kwenye mkeka uliofagiliwa, na juu ya mkeka vichezeo vimepangwa mstari kama bidhaa dukani. Chumba kilinukia sabuni ya sakafu. Alikuwa ameandaliwa kama mtu wa ofisi anavyoandaliwa. Binti alikaa chini na mtoto, miguu pamoja, akangoja kuulizwa.

Na yeye akauliza, masikini. Njiani alikuwa amepanga maneno tele ya bibi, ya utani na ya kubembeleza, lakini ulimi ukashika njia uliyoizoea. Akauliza mtoto analala vipi, ananyonya vipi, amemaliza chanjo zake. Binti akajibu kila swali kikamilifu, bila kupunguza wala kuongeza. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari na ofisi. Alimtazama mgeni, akacheka kwa ufizi mtupu, akamnyooshea mikono. Bi Hodi alipoiona mikono ile subira ikamwisha. Alitaka kusema jambo jema, la kufungua moyo wa mwanawe, na lililomtoka lilikuwa moja tu.

"Nimeona unavyomtazama usoni," alisema, kichwa kimeinama upande. "Vizuri sana, mama."

Binti aliinamisha macho. Sentensi ile aliisikia jioni nyingi akiwa ukingoni mwa kitanda, ikiambiwa ukuta, ikiambiwa meza, ikifanyiwa mazoezi mpaka itoke kama ya moyoni. Alipokuwa mdogo aliwahi kuingoja aambiwe yeye. Sasa ameambiwa, kwa sauti ile ile waliyoambiwa wenye kigari chekundu.

Bi Hodi alijua amekosea. Aliinuka kitini, akapiga magoti mkekani, magoti yakalia, na ofisi na kanuni zake zikamtoka akilini.

"Nipe nimbebe, mwanangu. Kidogo tu."

Binti alimvuta mtoto kifuani. "Si ulisema mwenyewe, mama? Mtembeleaji hambebi mtoto."

"Mimi si mtembeleaji. Mimi ni bibi yake. Ni mama yako."

"Mtembeleaji wa huku ni mtu mzuri," binti alisema polepole, kama mtu anayetafuta neno lisilomuumiza mtu asilipate. "Anakuja, anakaa, anaondoka. Akiondoka mimi silii."

Bi Hodi alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi, kwenye pasi, au kwenye gauni la kutokea, au kwenye ile kona aliyoikata huku anasikia. Miaka yote aliwafundisha akina mama kuwaomba radhi watoto wao wakiwakosea, akawaonyesha jinsi ya kushuka chini walingane macho, na yeye mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja nje ya mazoezi. Nisamehe, alisema mwishowe. Alikuwa ameshuka chini na macho yalilingana, na hata masikioni mwake neno hilo lilisikika kama la kufundishia. Akaona uchungu wa kweli, kwamba alichokuwa anakihisi kilikuwa cha moyoni kabisa na hakuwa na sauti nyingine ya kukisemea.

Binti alinyanyuka na mtoto wake, akaingia chumba cha ndani. Bi Hodi alisikia sanduku linafunguliwa, vitu vinasogezwa. Alifikiri analetewa nepi ambadilishe mtoto, au nguo ya kumfunikia, kazi za bibi. Akajifuta mikono kwenye gauni, akakaa sawasawa mkekani, akalitandaza gauni mapajani, tayari kupokea.

Binti alirudi, mtoto kwenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kitu cha kitambaa kilichofifia rangi, kisafi, kilichochanika ubavuni na kushonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. Akainama, akakilaza mapajani pa mama yake.

"Mbebe huyu," alisema, wala hakusema kwa hasira. "Huyu ndiye uliyemlea."

Kichwa cha Mtoto wa Kazi kilianguka nyuma, na mkono wa kushoto wa Bi Hodi, bila mwenyewe kuutuma, ukaenda chini ya shingo ukaikinga. Binti aliuona. Mtoto wake alikuwa ameanza kulialia kwa njaa, naye binti akafungua vifungo vya blauzi, akaketi kwenye kile kiti cha karibu na mlango ili amnyonyeshe. Kisha akainamisha kichwa upande, akamtazama mama yake aliyekaa pale sakafuni.

"Nimeona unavyomshika shingo," alisema kwa sauti ya chini. "Vizuri sana, mama."